Lami ya Jumatano

Msumeno wa kukatia lami ulizimwa saa nne asubuhi, siku ya Jumatatu, kwenye kona ya tatu ya uwanja wa mbio za magari. Madereva huiita kona hiyo Kikombe, kwa kuwa imejikunja kama mkono wa kikombe. Aliyeamuru uzimwe ni msimamizi wa ukarabati, mama wa makamo mwenye sauti iliyokwaruzwa na vumbi la miaka mingi, baada ya kuona mfupa wa paja umechomoza katikati ya kokoto. Hakupiga yowe. Aliwaondoa mafundi wake, akazungushia shimo kamba, akapiga simu polisi kwanza na kwa meneja wa uwanja baadaye. Meneja hakumsamehe kwa mpangilio huo.

Inspekta alifika kabla ya saa tano. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyebakiza miaka miwili kustaafu, na kule kituoni wenzake walimwita Mama Tarehe. Walisema ukimpa habari ya msiba atakuuliza kwanza marehemu alifariki siku gani, saa ngapi, na nani alikuwepo. Jina hilo alilijua na hakulikataa.

Meneja alimpokea kwa maneno mengi. Kwa maelezo yake hapakuwa na kesi yoyote. Kabla ya mbio, mahali hapa palikuwa kiwanja cha ndege cha jeshi, kilichojengwa mbiombio wakati wa vita. Vibarua waliletwa kwa malori kuchanganya zege, wengi wakafa kwa homa, wakazikwa papo hapo. Hilo kila mtu alilijua. Alichoomba ni mifupa iondolewe kwa heshima, viongozi wa dini waitwe, na kazi iendelee mchana huo huo. Wakaguzi wa shirikisho la kimataifa walikuwa wanakuja baada ya siku kumi na mbili, na bila Kikombe kurekebishwa leseni isingetoka.

Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia msimamizi wa ukarabati na kumwomba amsomee ukuta wa shimo.

Mama yule alishuka shimoni na bisibisi mkononi, akawa anagusa ukuta mstari kwa mstari. Chini kabisa lilikuwa zege la kijivu, la enzi za ndege. Juu ya zege ilikuwa lami nyembamba, iliyopasukapasuka, ya wakati mbio zilipoanza. Juu yake tena ilipita lami nene yenye kokoto nyekundu. Juu ya yote ilikuwa lami nyeusi ya miaka ya karibuni. Halafu akaonyesha jambo ambalo meneja hakuliona, au hakutaka kuliona. Palikuwa na mtaro wa maji ya mvua, upana wa mita moja, uliokatwa kupitia lami ile nyembamba na zege lake. Mtaro ulijazwa kokoto, na mifupa ilikuwa ndani ya kokoto hizo. Lakini lami nyekundu ilipita juu ya mtaro wote bila kukatika hata mahali pamoja.

"Huyu aliingia humu mbio zikiwa zimeshaanza, lami nyekundu ikiwa bado haijamwagwa," alisema. "Baada ya hapo hakuna aliyepafungua hapa mpaka leo, mimi."

Kwa hiyo Inspekta alikuwa na swali moja tu: lami nyekundu ilimwagwa siku gani?

Alimwuliza kila aliyekuwepo. Meneja hakujua, kwani yeye aliajiriwa miaka ya karibuni tu. Mtunza uwanja, mzee mwembamba aliyekuja na turubai la kufunikia mifupa, alijibu kwa adabu kwamba naye hajui, kwani aliajiriwa hapo uwanja ulipofunguliwa upya, miaka sita baada ya ajali kubwa. Inspekta aliandika jibu hilo kama alivyoandika mengine. Mzee alilikunjua turubai, akalitandaza polepole, akaweka mawe kwenye pembe zake nne, akaondoka bila kutazama nyuma.

Jioni ile daktari wa maiti alitoa alichoweza kutoa. Mifupa ilikuwa ya mwanamume wa miaka thelathini na mitano hadi arobaini na mitano. Fuvu lilikuwa limepasuka upande wa kulia, na pale lilipopasuka hapakuwa na dalili ya kupona. Kama pigo lile ndilo lililomuua, au lilimwangusha tu na kitu kingine kikammaliza, daktari alisema mifupa haisemi, na yeye hataisemea. Pamoja na mifupa palipatikana pima maji ya shaba, aina inayotumiwa na wapima barabara, na viatu viwili vya ngozi. Cha kushoto kilikuwa na soli nene kama vidole vinne vilivyolaliana. Marehemu alikuwa na mguu mmoja mfupi.

Meneja, ili kuonyesha ushirikiano, alimpelekea Inspekta kitabu cha kumbukumbu ya uwanja, chenye jalada gumu na picha za kung'aa. Inspekta alikisoma chote asubuhi ya Jumanne. Kilieleza jinsi kiwanja cha ndege kilivyoachwa baada ya vita na kuwa malisho ya mbuzi, mpaka mafundi makanika wa mjini walipoanza kuja Jumapili na pikipiki zao chakavu kushindana kwenye njia ya kurukia ndege. Kona waliziweka kwa mapipa matupu ya mafuta, na watazamaji walikaa juu ya malori. Kisha akaja Mwenyekiti. Yeye ndiye aliyeanzisha chama, akakodi ardhi, akaunganisha njia ya kurukia na njia za pembeni mpaka ukapatikana mzunguko wa kilomita nne, akamwaga lami ya kwanza, akajenga jukwaa la mbao na baadaye la zege. Picha zake zilikuwa kila baada ya kurasa mbili: anakata utepe, anakabidhi kombe, anaegemea boneti. Alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita, akazikwa kwa msafara wa magari, na jukwaa kuu lilipewa jina lake.

Ajali kubwa ilipewa mistari mitatu. Ilisema tu kwamba miaka thelathini na moja iliyopita, siku ya Jumapili, gari liliruka tuta la Kikombe likaua watazamaji tisa, uwanja ukafungwa kwa miaka sita, na ulipofunguliwa tena uliwekwa lami mpya.

Inspekta alikifuata kitabu, na kitabu kikampoteza siku mbili. Ikiwa lami mpya ni ya mwaka wa kufunguliwa, basi marehemu alipotea mwaka huo au kabla kidogo. Kwenye majalada ya waliopotea alimkuta makanika wa timu moja ya mbio, mwanamume wa miaka arobaini, aliyetoweka mwezi ule ule wa ufunguzi na hakuonekana tena. Umri ulilingana, na kazi yake ililingana na mahali. Alituma maswali vituo vya mikoani, akamhoji mke wa makanika, akapata hata picha. Jumatano jioni jibu lilirudi. Makanika alikuwa mzima wa afya mji wa pili, anauza matairi, ana mke mwingine na watoto watano, na miguu yake yote miwili ilikuwa sawasawa. Kitu pekee alichokuwa anaomba polisi ni wasimwambie yule wa kwanza. Inspekta alisema hawezi kuahidi hilo, akamwambia koplo wake kwamba wamepoteza siku mbili wakimtafuta mtu aliyejificha kwenye ndoa.

Alhamisi asubuhi, kabla hajanywa chai, msimamizi wa ukarabati alimpigia simu. Hakulala na zile kokoto nyekundu kichwani, alisema, akamtafuta mzee mmoja aliyemfundisha kazi ya lami. Mzee aliziona tu akacheka. Jiwe lile lilitoka kwenye machimbo mamoja tu, na machimbo hayo yaliporomoka yakafungwa mwezi uleule wa ajali. Miaka sita baadaye hakuna ambaye angeweza kupata hata ndoo moja ya jiwe hilo. Maana yake ni kwamba kitabu kilidanganya, au kilichanganya.

Inspekta alikwenda moja kwa moja kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali. Mtunza nyaraka alimletea majalada manne ya Tume ya Uchunguzi wa Ajali, yaliyofungwa kwa utepe uliogeuka rangi. Katika jalada la pili alikuta picha za rangi. Gari lilikuwa limelala chali nyuma ya tuta, na viatu vya watu vimezagaa kwenye nyasi, kimoja kimoja. Mbele kabisa ya picha ilionekana lami ya Kikombe, mpya, haijachakaa hata kidogo, na matairi yameacha michirizi miwili mieusi ikielekea nje ya kona. Alisogeza taa, akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Kati ya ile michirizi miwili, lami ilikuwa na wekundu.

Lami nyekundu ilikuwepo siku ya ajali. Daftari la kazi la uwanja, lililopokelewa na Tume kama kielelezo, likamaliza ubishi. Kwa wiki ile ya mbio liliandika hivi: *Jumatano. Mtaro wa Kikombe umefukiwa saa tisa alasiri. Lami Kikombe, saa kumi hadi saa kumi na mbili.*

Marehemu aliingia chini ya lami ile Jumatano. Mbio zilikuwa Jumapili. Gari lililoruka kwenda kwa watu lilipita juu yake.

Kilichobaki ni kujua nani hakuonekana tena baada ya Jumatano ile, na hapo jalada la tatu lilikuwa na jina moja tu, limerudiwa kila ukurasa. Alikuwa mhandisi wa uwanja. Tume ilimtia hatiani kwa vifo vyote tisa. Ilisema yeye ndiye aliyetia saini cheti cha usalama wa Kikombe Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, na jioni ya ajali akapakia begi na kutoroka. Magazeti yalimwita Mhandisi Mtoro. Hati ya kumkamata ilikuwa bado hai. Katika maelezo ya umbo lake iliandikwa kwamba anachechemea, na kwamba huvaa kiatu cha kushoto chenye soli nene.

Inspekta aliandika kwenye daftari lake maneno mawili, moja juu ya lingine: Jumatano. Jumamosi. Mtu aliyekuwa chini ya lami Jumatano hawezi kutia saini Jumamosi.

Alivuta cheti karibu. Palikuwa na sentensi moja ya mkono na saini chini yake: *Mtelemko wa Kikombe umekaguliwa na uko salama.* Mwandiko ulifanana kabisa na wa ripoti kumi na nne za mhandisi zilizokuwa nyuma ya jalada. Saini ilikuwa hiyo hiyo, yenye mkia ule ule. Alizisoma ripoti zote kumi na nne kwa mpangilio wa tarehe. Ya mwisho iliandikwa Jumatatu ya wiki ile ile. Ilieleza kwamba Kikombe kimeinamia nje badala ya ndani, kwamba gari lenye kasi litatupwa kwenye tuta wanaposimama watu, na kwamba mbio zisifanyike mpaka kona ijengwe upya. Mwenyekiti aliiambia Tume kwamba ripoti hiyo mhandisi mwenyewe aliitengua Jumamosi kwa kile cheti.

Ila katika ripoti zote kumi na nne, mara thelathini na kitu, mhandisi aliandika *mteremko*. Kwenye cheti peke yake iliandikwa *mtelemko*. Wako wengi waandikao hivyo. Yeye hakuwahi.

Na ni nani aliyemwona mhandisi yuko hai baada ya Jumatano? Inspekta alihesabu mashahidi sitini na wawili. Mwenyekiti alisema alipokea cheti mezani kwake, hakumwona aliyekileta. Shahidi mmoja tu alisema alimwona kwa macho, akipakia begi Jumapili jioni. Alikuwa mdogo wake, wa baba mmoja na mama mmoja.

Binti wa mhandisi hakuwa vigumu kumpata. Alikuwa na karakana ya kushona viti vya magari nyuma ya gereji, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, ameweka miwani kichwani na pini mdomoni. Ijumaa asubuhi Inspekta alimkuta ameinamia cherehani akiunga ngozi. Alimwonyesha picha ya kiatu bila kusema kitu.

Binti alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Alisema mlio wa kiatu kile alikuwa akiusikia kutoka mwanzo wa barabara, mmoja mzito, mmoja mwepesi, na ndio uliokuwa ukimwamsha kwenda kufungua mlango. Halafu akauliza kwa sauti kavu alikamatiwa wapi.

Inspekta alimwambia. Alimwambia Jumatano pia, na maana yake.

Mwanamke yule akaanza kueleza, si kwa kujitetea, bali kama mtu anayesoma orodha. Wiki ile ya mbio baba alikuwa analala uwanjani, kwa hiyo nyumbani hawakushtuka mpaka Jumapili. Mama yake alizichoma nguo za baba uani, shati baada ya shati, mbele ya majirani, ili waone kwamba yeye hayuko upande wa mtoro. Haikusaidia. Ndugu wa wale tisa waliwatupia mawe kwenye bati mpaka wakahama. Shuleni aliitwa Binti Mtoro, na alipofika darasa la saba alikuwa ameshazoea kuitika. Mama alifariki miaka minne baadaye, na mpaka dakika ya mwisho alikuwa akimlaani mumewe kwa jina. Naye binti alimlaani pamoja na mama. Miaka thelathini na moja, alisema, sijamwombea hata siku moja.

Inspekta alimwuliza ni nani aliyemlea.

"Baba Mdogo," alijibu. "Alinisomesha, akaninunulia cherehani hii. Hakuoa kwa ajili yangu. Ndiye mtunza uwanja pale pale, hujamwona?"

Inspekta alisema amemwona. Akauliza, kana kwamba ni jambo la kupitisha muda, Baba Mdogo alianza lini kazi pale uwanjani. Binti alijibu kwamba alianza zamani sana, tangu kabla ya ajali. Alikuwa dereva wa greda, na baba ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Baada ya kufunguliwa upya ndipo wakampa utunzaji.

Alipokwisha kusema hivyo alimtazama Inspekta, na Inspekta akafunga daftari.

Mtunza uwanja aliishi kwenye chumba kimoja chini ya jukwaa kuu. Kilikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, jiko la mafuta ya taa, funguo zaidi ya mia zimetundikwa kwa namba, na meza yenye daftari la mvua. Kila siku kwa miaka ishirini na mitano alikuwa ameandika mvua imenyesha kiasi gani na maji yametuama wapi. Aliwakaribisha Inspekta na koplo wake, akawapa viti, yeye akakaa kitandani. Inspekta alimwuliza tena alianza kazi lini. Alirudia jibu la Jumatatu, neno kwa neno.

Inspekta hakubishana naye. Aliomba ruhusa ya kutazama daftari la mvua, akalifungua popote lilipofunguka, akasoma kwa sauti: "Maji yametuama chini ya mtelemko wa Kikombe." Akafungua ukurasa mwingine, wa mwaka mwingine. Mtelemko. Kisha akatoa nakala ya cheti, akaiweka juu ya daftari, kidole chake kikiwa chini ya neno lile lile.

Mzee aliitazama nakala ile.

"Mwandiko wa kaka yako uliujua," Inspekta alisema. "Neno lake moja ndilo lililokuponyoka. Na mwanao ameniambia ulikuwa dereva wa greda."

"Yeye anajua?"

"Anajua baba yake alikuwa wapi. Wewe ulikuwa wapi, bado."

Mzee aliweka mikono magotini na kuongea karibu saa nzima, na koplo aliandika. Tangu shuleni aliweza kuiga mwandiko wa kaka yake. Waliandikiana kazi, na mwalimu hakuwahi kugundua. Jumatano ile asubuhi alifika kazini na harufu ya pombe ya jana yake. Kaka alimteremsha kwenye greda mbele ya vibarua wote, akamwambia kama hajiheshimu aheshimu mashine. Saa sita alimrudisha, lakini uchungu wa aibu ile ulikuwa umeshamwingia. Saa nane na nusu Mwenyekiti akaja. Lami ilikuwa njiani, madereva wa nje wameshafika hotelini, na mhandisi alikuwa amesimama ndani ya mtaro akisema hamwagi kitu juu ya kona ile. Vibarua walipelekwa kula. Mhandisi aliweka pima maji chini, akamwita Mwenyekiti ainame aone mwenyewe jinsi kona inavyoangukia nje. Mwenyekiti aliinama, akaokota nondo, akampiga nayo mara moja.

Mzee mwenyewe alikuwa juu ya greda, umbali wa hatua ishirini, injini inanguruma. Mwenyekiti alikuja mpaka ubavuni mwa greda, uso umemlowa jasho, akamwambia ameshakufa, ilikuwa bahati mbaya, na wakionekana hapo watanyongwa wote wawili. Akamwambia malori yanaingia getini, afukie.

"Ukafukia," Inspekta alisema.

"Kokoto zilikuwa zimerundikwa pembeni. Nilizisukuma."

Jumamosi Mwenyekiti alimletea karatasi na kalamu. Jumapili yeye mwenyewe alikuwa amesimama kwenye uzio wa Kikombe gari liliporuka, na miongoni mwa wale tisa palikuwa na muuza maji aliyekuwa akimjua kwa sura. Baada ya hapo, alisema, hakukuwa na mahali pa kuanzia kusema. Cheti kilikuwa chake, greda ilikuwa yake. Aliiambia Tume habari ya begi kwa sababu Mwenyekiti alimwandikia, naye akaikariri. Akamchukua mtoto.

Mzee aliomba jambo moja: binti asiambiwe na mtu mwingine ila yeye. Inspekta alikubali, kwa sharti kwamba naye awepo.

Mchana ule kabla ya kutoka ofisini, Inspekta alimpigia simu mwanasheria wa serikali. Hati ya kumkamata mhandisi ingefutwa, hilo halikuwa na tabu. Hukumu ya Tume ilikuwa jambo jingine. Tume ilishavunjwa, wajumbe wake wote isipokuwa mmoja walishafariki, na hakukuwa na ofisi yenye mamlaka ya kuisahihisha. Kwenye vitabu vya serikali mhandisi angebaki kuwa aliyewaua watu tisa na kutoroka. Kuhusu Mwenyekiti, marehemu hashtakiwi. Simu iliyofuata ilikuwa ya meneja, aliyetaka kujua kama sasa wanaweza kufukia shimo, kwa kuwa zilibaki siku nane. Aliongeza kwamba chama hakingependa jina la jukwaa lihusishwe na mambo hayo. Inspekta alimwambia afukie, kwa sababu hakuwa na sheria ya kumzuia, akakata simu bila kuaga.

Jumamosi saa tatu asubuhi binti alikuja kituoni. Waliwekwa kwenye chumba kidogo chenye meza ya mbao na dirisha la nondo. Mzee alikaa upande mmoja, yeye upande wa pili, na Inspekta pembeni na karatasi za maelezo. Mzee alianza tangu asubuhi ile ya pombe. Hakuruka kitu. Aliongea akiitazama meza, mpaka kwenye begi lililokaririwa mbele ya Tume.

Mikono ya binti ilikuwa mapajani, vidole vina alama za sindano. Mzee alipomaliza alinyanyua macho kwa mara ya kwanza, kama mtu anayengoja kupigwa na yuko tayari.

"Ulipomsukumia kokoto," binti aliuliza, "alikuwa ameshakufa?"

"Mwenyekiti alisema ameshakufa."

"Sijakuuliza Mwenyekiti alisema nini."

Nje askari mmoja alikuwa anamwita mwenzake aje asaini zamu.

"Sikushuka kuangalia, mwanangu."

"Usiniite hivyo."

Inspekta alikuwa amesitisha kalamu. Binti aliitazama karatasi, akaona mstari bado uko mtupu, akaivuta na kuisogeza vizuri mbele ya Inspekta.

"Arudie," alisema. "Arudie, uandike."

Mzee akarudia. Inspekta akaandika.